Play Store, WhatsApp au miguu yako: apu ndogo uikuze kwa njia ipi ukiwa Mtwara

Dogo mmoja kanifuata juzi pale Chuno, kamaliza chuo mwaka jana, katengeneza apu ya kutunza mahesabu ya duka, ananiambia braza nimebakiwa na laki tatu tu, niimwage kwenye matangazo au nifanyaje, maana wakubwa wameshajaa kila kona. Nilimjibu haraka haraka nikiwa nasubiri bajaji, afu nikafika nyumbani nikaona sijamtendea haki. Kwa hiyo naandika vizuri hapa, na mwingine mwenye swali kama lake achukue humu humu.

Mimi ya kwangu ni daftari la madeni. Wa huku kusini hawahitaji maelezo, ila kwa wa mikoa mingine ni hivi: mtu anachukua unga, sukari, mafuta, sabuni kuanzia mwezi wa tatu huko, ukimuuliza lini jibu ni moja, "nitalipa msimu". Msimu ni korosho. Minada inaanza mwezi wa kumi, hela inapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inaingia kwenye akaunti ya mkulima, ndo deni linakatwa. Sasa msimu wa 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakazibeba, malipo ya wakulima wengi yalichelewa sana, na nyuma ya kila mkulima aliyechelewa kulipwa kuna mwenye duka kakaa na daftari lake anahesabu. Shangazi yangu Newala mwaka huo daftari lake liliingiwa na mchwa. Kurasa za katikati zote zikawa vumbi. Watu wengine walikuja wakalipa kwa uungwana wao, wengine wakapita mbele ya duka wanaangalia upande wa pili wa barabara. Apu yangu ilianzia hapo.

Kabla ya kulinganisha njia, tukubaliane kwanza mshindani ni nani

Mimi nilianza kwa kuogopa Khatabook ya India na BukuWarung ya Indonesia, apu za daftari la duka kama yangu ila za wakubwa, nazifungua usiku nahesabu vitufe vyao, jamaa wana wawekezaji na mainjinia kibao, mimi nina laptopu moja betri imekufa inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Nikatumia miezi miwili kuongeza kila walichonacho wao, hadi grafu za rangi rangi. Ujinga mtupu. Nilipoanza kuingia madukani sikukuta hata mmoja anayeijua Khatabook. Walichokuwa wanakijua ni vitu viwili, kauntabuku na WhatsApp. Kuna mama yupo Magomeni, hii ya hapa Mtwara, nitamtaja sana humu, alikuwa kila Jumapili anapiga picha kurasa za daftari lake anamtumia mdogo wake aliyepo Dar, eti akiba, duka likiungua madeni yako Dar salama. Huyo ndo mshindani niliyekuwa naye na nilikuwa simjui. Hana apu, hatumii gharama, na mambo yake yanaenda.

Kwa hiyo dogo usihesabu vitufe vya Wahindi. Angalia mtu wako saa hizi anafanyaje bila wewe.

Sasa njia. Ziko tatu za maana kwa mtu wa hali yetu: unaweka Play Store na kulipia matangazo, au unajibanza ndani ya WhatsApp unakua humo humo, au unatembea duka kwa duka kwa miguu yako. Kuna ya nne ya kupiga nyota na reli, ile ya kitochi, nzuri sana kwa vijijini ila kupata namba na kuongea na mitandao yote ya simu ni gharama za kampuni, laki tatu haifiki hata mlangoni, naiacha.

Laki tatu inanunua nini

Play Store unalipa dola 25 mara moja, ukipiga kwa dola ya 2,600 ni 65,000. Za iPhone ni dola 99 na kila mwaka unalipa tena, hiyo ruka, huku wenye iPhone tunajuana kwa majina. Afu kuna kitu wengi kinawashtua: akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, Google hawakuachii uitoe apu kwa watu wote mpaka upate watu 12 wa kuijaribu siku 14 mfululizo. Mwanzo walikuwa wanataka watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Watu wengi wanalalamika wanakwenda kutafuta watu wa kubadilishana nao mtandaoni, wewe jaribu yangu nijaribu yako, na wanapita kweli, ila hapo unakuwa umeitupa nafasi. Mimi ilinikuta ile ya 20, na wangu niliwatoa kwenye mtaa mmoja, wenye maduka kumi na saba, fundi simu mmoja, na wadogo zangu wawili wa kujazia. Ile sheria iliyoniudhi ndo ilinilazimisha kutembea kwa mara ya kwanza.

Inabaki 235,000 ya matangazo. Nilibusti posti Facebook na Instagram siku nne, nikaweka 80,000, kwa kadi ya mtandaoni ile ya kwenye simu. Siku mbili za kwanza nilikuwa nimesahau kuweka eneo, watu wakadaunlodi kutoka Mwanza, Dar, Arusha, mimi nafurahi namba inapanda kumbe hao hata wakinipigia siwezi kuwafikia. Nikaweka Mtwara na Lindi tu. Wakaja, ila walikuwa wanafunzi wa chuo, walimu, watu wanaopenda kuona kitu kipya. Mwenye duka saa za Facebook anauza. Wiki mbili baadae nikaangalia nani bado anaingiza deni, nikawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki.

Sisemi matangazo hayafai. Nasema yalinipa watu nisiowahitaji kwa hela niliyoihitaji.

WhatsApp kuanza ni bure, ile ya biashara ipo tangu 2018, unaweka bidhaa, unaweka lebo za wateja, majibu ya haraka, kwa kweli ni kazi nzuri. Gharama yake ni bando na muda wako. Grupu moja linabeba watu 1,024. Ila kuna kale kamtego ka kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo: orodha moja mwisho 256, na anaupata yule tu aliyesevu namba yako kwenye simu yake. Yaani watu hawakusevu basi unaongea na ukuta. Nikajifunza kwamba kazi ya kwanza ukiingia dukani ni kusema "mama naomba nisevu mimi mwenyewe", nachukua simu naandika jina langu na neno Daftari mbele. Hiyo imenisaidia kuliko tangazo lolote.

Miguu ni nauli. Boda za mjini, daladala ya Mikindani, siku nyingine basi la Masasi na chai ya njiani. Ukijibana laki tatu inakupeleka mwezi mzima na zaidi. Gharama yake kubwa haiko kwenye hela, iko kwenye aibu. Utaingia duka mtu ataendelea kuuza kana kwamba hujaingia.

Nani anabaki

Hapa ndo penye mchezo wenyewe, nitakaa kidogo.

Mama wa Magomeni daftari lake ni kauntabuku nene jalada limekatika, biki imefungwa na uzi kwenye msumari wa kaunta ili wateja wasiondoke nayo. Simu yake itel, imejaa, kila ukifungua inakwambia nafasi imekwisha. Nikamwekea apu yangu, megabaiti 41 wakati ule, akashukuru. Jumatatu narudi haipo. Nikamuuliza kaniambia mwanangu kulikuwa na video ya harusi ya mtoto wa dada yangu, ikagoma kuingia, simu ikaniuliza nifute nini, nikafuta wewe. Bila chuki kabisa. Sikukasirika, nilienda nyumbani nikatoa zile grafu za rangi, nikatoa picha, nikatoa mafonti, ikashuka mpaka 7. Hakuna takwimu ya Play Store ingeniambia kwamba nimepigwa na video ya harusi, pale inaandika tu mtu mmoja ameondoa.

Nikaweka tena. Akaanza kuingiza wadeni, akakwama mtu wa kwanza. Apu inataka jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, na namba ilikuwa lazima. Daftari lake mimi nikalifungua nione yeye anaandikaje: "Juma mashine". "Mama Asha mbele". "Mrefu wa boda". "Yule wa msibani". Nikacheka mpaka nikakaa chini. Huyo Mrefu wa boda ana deni la elfu kumi na nne na mia tano na jina lake halisi halijui mtu pale mtaani. Usiku ule ule nikatoa ulazima, sehemu ikabaki moja tu: nani.

La tatu ndo kali. Mteja kaja kalipa, mama kabonyeza, deni likafutika kwenye skrini. Mteja akasema sasa nitajuaje umekata? Mama akanigeukia, "Unaona? Mtu wangu akilipa anataka aone nakata kwa biki mbele yake. Hii yako inafuta tu. Kesho nikisahau nikamdai, ataniambia nini?" Nikaelewa kwamba ule mstari wa biki juu ya jina ndo risiti ya watu wetu. Sasa hivi kwenye apu deni likilipwa halipotei, linapigwa mstari mwekundu katikati, na unapoliburuza kidole mstari unajichora taratibu kama biki. Wateja wanainama juu ya kaunta kuangalia. Kitu kidogo hicho ndo watu wanakuja kuniuliza "ile apu inayokata" na jina la apu yenyewe hawalijui.

Sasa linganisha. Wa matangazo walipokwama walifuta kimya kimya na mimi sikujua kisa. Wa WhatsApp walipokwama waliandika "haifunguki" na picha ya skrini, nusu ya tatizo nikalijua. Wa miguu walikwama mbele ya macho yangu. Ndo maana hao wapo mpaka leo. Kampuni kubwa iliyoko Bangalore, India, haiwezi kuja kukaa kwenye kreti la soda Magomeni saa kumi jioni, haimlipi. Wewe inakulipa.

Na niseme hasara yake pia, maana watu wakisifia miguu wanasahau. Ni taratibu mno. Maduka matatu manne kwa siku ukijitahidi, mvua ikinyesha hata moja hupati. Ukiumwa, ukuaji unaumwa. Mtu wa matangazo analala apu inadaunlodiwa.

Hofu ya kausha damu

Hili wa Dar labda halijawagusa sana ila huku ukisema tu "nina apu ya madeni" mtu anarudi nyuma hatua mbili. Zile apu za mikopo ya mtandaoni, kausha damu tunaziita, zimewaharibia watu, unakopa elfu hamsini wanapigia simu hadi mkwe wako. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya apu 69 za mikopo zisizo na leseni, na hapo kila apu ya hela ikawa mtuhumiwa. Ya kwangu jina la kwanza lilikuwa na neno mkopo ndani yake, nani aliniambia sijui. Na kibaya zaidi ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, nilidhani nawarahisishia kuchagua wateja, kumbe ndo mlango ule ule wanaopitia kausha damu. Fundi simu wangu, yule kwenye wale 20, ndo alinishtua: "Kaka hii ikiomba kontakti mimi nawaambia watu wasiiweke." Nikaitoa. Na tukumbuke kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, majina ya wadeni wa watu sio mali yako ya kuchezea.

Kwenye hofu hii Play Store inakusaidia kidogo, mtu anaona angalau ipo sehemu rasmi sio faili la kutumiwa kwenye grupu. WhatsApp inakuumiza, maana linki za utapeli zote zinapita huko huko na wewe yako inafanana nazo. Miguu inashinda, ila kwa sharti, uende na mtu anayejulikana mtaani. Mimi naenda na binamu yangu ambaye anauza mitumba, kila mtu anamdai au anadaiwa naye. Na akinitambulisha kwamba huyu ni mtoto wa fulani wa Newala, basi, kiti kinavutwa.

Mwenye nyumba ni nani

Ukikulia ndani ya WhatsApp wewe ni mpangaji. Namba yako ikiripotiwa na watu kadhaa inafungwa, na huna ofisi ya kwenda kugonga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima dunia nzima kama saa sita, mtu aliyekuwa anauza humo tu siku ile alikaa anaangalia dari. Play Store na wao ni wenye nyumba vilevile, wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya ndani ya apu mpaka ufike dola milioni moja kwa mwaka, na mimi na wewe huko hatujakaribia hata kwa ndoto. Ndo maana mimi apu ni bure, hela napata kwa kuja dukani kuhamisha daftari zima la zamani, kufundisha, na kumtengenezea mtu orodha ya wadeni wake kwenye karatasi kila mwezi. Wanalipa kwa Lipa Namba au wananipa mkononi.

Halafu mkubwa akipenda kitu chako anakichukua. Instagram Agosti 2016 walichukua stori za Snapchat kama zilivyo. Snapchat walikuwa kampuni kubwa, sembuse wewe.

Ila mkubwa naye anajikwaa, na hapa kuna kisa nakipenda sana. Kuna mtu mmoja anaitwa Maciej Cegłowski, mwaka 2009 alitengeneza Pinboard, sehemu ya kuhifadhi linki tu, na ya kulipia. Mshindani wake alikuwa Delicious, ya bure, imenunuliwa na Yahoo tangu 2005. Ungemwambia jamaa unapoteza muda. Desemba 2010 ikavuja kwamba Yahoo wanataka kuiua Delicious, watu wakakimbilia Pinboard kwa mafuriko. Mwaka 2017 jamaa akainunua Delicious yenyewe, dola 35,000. Hakuipiku, aliendelea kuwepo tu, apu yake ndogo na inayofanya kazi, mpaka mkubwa akateleza.

Na mimi nilipata yangu, ndogo ya kimtwara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, bidhaa zikachelewa, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini zikakatika intaneti ikawa ya kuvizia. Mama wa Magomeni mdogo wake wa Dar hapatikani, picha haziendi. Apu yangu inahifadhi kila kitu ndani ya simu, haijali mtandao upo au haupo, ikawa inakata madeni kama kawaida. Wiki ile nilipata maduka sita bila kuomba, wanakuja wenyewe "niwekee na mimi ile ya bila bando". Lakini ningekuwa sipo mtaani wangenijuaje? Tangazo lenyewe lisingefunguka.

Usinione nimeshinda kila mahali. Novemba iliyofuata bei ya korosho mnadani ilishapita 4,000, hela ipo, watu wanabadilisha simu. Baba mmoja wa Mkanaledi kanunua Tecno mpya, ile ya zamani kaiuza na apu yangu ndani na madeni ya mwaka mzima. Nilikuwa sijaweka akiba ya nje. Bila mtandao ndo sifa yangu, na ndo ilinichoma. Nilikaa naye jioni tatu tukikumbuka mmoja mmoja, nani alichukua nini, mke wake ndo alikuwa na kumbukumbu kuliko sisi wote. Sasa hivi kila Jumapili apu inatengeneza faili moja dogo inakuuliza umtumie nani, na wengi wanaituma wapi? WhatsApp. Kwa ndugu aliyeko Dar. Nimerudi kwa mama wa Magomeni kwa kuzunguka dunia.

Yule wa Lindi

Kuna jamaa yangu Lindi mjini alitengeneza apu ya kuita bajaji, na yeye namtaja kwa sababu njia iliyonifaa mimi yeye haikumfaa. Aliwatembelea madereva wote wa stendi, wakaikubali, wakaiweka. Abiria hawakuwepo. Akakimbilia abiria, walipokuja madereva wameshazima data kwa sababu wiki nzima haikulia. Apu yenye pande mbili ni kama kubeba ndoo mbili kwa mkono mmoja. Daftari langu mama mmoja akiwa peke yake mtaa mzima linamfaa, bajaji ya mtu mmoja haimfai mtu. Hata wakubwa hiyo biashara inawatoa jasho, Uber walisimamisha kazi Tanzania Aprili 2022 kwa ajili ya nauli na kamisheni mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakarudi 2023. Jamaa akaifunga apu, akafungua grupu la WhatsApp la madereva kumi na kitu na namba moja ya kupigia, yeye ndo anapanga nani aende. Anaingiza hela kuliko mimi. Mainjinia wenzetu wanamcheka kwamba karudi nyuma, mimi simcheki.

Kwa hiyo, dogo

Kama mtu wako yupo sehemu moja, unaweza kumwona kwa macho, na kazi yake unahitaji kuiona ili uijue, kama duka, mashine ya kusaga, saluni, fundi cherehani: miguu. Play Store iweke, 65,000 hiyo usiikwepe, ila ichukulie kama kibao cha mlangoni, mtu akiuliza iko wapi unamtumia linki. Usitegemee mgeni aione humo mwenyewe, ukitafuta neno duka zinakuja za wakubwa kumi kabla ya yako.

Kama watu wako wametawanyika nchi nzima na kila mtu anajihudumia, mfano mitihani ya nyuma ya kidato cha nne au gemu, hapo miguu ni kujitesa. Weka hela kwenye matangazo, ila weka eneo na siku, anza na elfu kumi kumi, na usihesabu waliodaunlodi, hesabu waliofungua siku ya kumi.

Kama unachouza hakihitaji hesabu wala kumbukumbu, ni oda tu na maelewano, samaki, keki, bajaji, usitengeneze apu kabisa. Fungua WhatsApp ya biashara leo jioni ulale.

Na muda. Watu wanadhani uende madukani mwezi wa kumi na moja hela ikiwepo. Hapana, mwezi huo mwenye duka hana hata sekunde, anakata madeni na kupakua mizigo. Nenda kuanzia wa saba mpaka wa tisa, duka limepoa, mikopo imejaa daftari halifungi, na mtu anapumua kwa shida akifikiria nani atalipa nani hatalipa. Atakusikiliza. Matangazo kinyume chake, hayo yaache mpaka hela iingie mtaani na simu mpya zinawashwa.

Magrupu ya WhatsApp mimi nayatumia kitu kimoja, kuwashikilia niliowapata kwa miguu. Wanaulizana humo wenyewe, siku hizi fundi simu anajibu kabla yangu. Wamachinga wa Lindi, ambao wengi wanasema jina la machinga limetoka kwao, walikuwa wanazunguka na mali begani mlango kwa mlango kabla mimi na wewe hatujazaliwa, sijui kwanini tukishika laptopu tunaona hiyo kazi si yetu.

Mama wa Magomeni bado ana kauntabuku. Anaandika kote kote, kwenye apu na kwenye daftari, biki bado iko kwenye uzi. Nilishaacha kumuuliza.

Jumamosi naenda Nanyamba na boda ya binamu, nyuma kuna nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Ukija dogo saa kumi na mbili asubuhi uwe pale stendi, na apu yako iwe chini ya megabaiti kumi.